Upasuaji wa kupunguza uzito umebaki wiki tatu, na mimi usiku silali kwa hofu

Shangazi shikamoo,

Naomba kwanza usiniambie nipunguze kula, maana hilo nimeshaambiwa na kila mtu mpaka watu nisiowajua kwenye foleni. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, kilo 124 na urefu sentimita 163. Sukari ninayo mwaka wa nne sasa, natumia vidonge, presha nayo ipo, magoti ndo usiseme, ngazi nazipanda kwa kusimama katikati najifanya naangalia simu. Usiku nakoroma halafu pumzi inakata, nimepewa ile mashine ya kuvaa usoni.

Nimejaribu kila kitu shangazi. Dayati za kila aina, kutembea, kufunga, kuna kipindi nilipungua kilo 20 watu wakanisifia nikashona nguo mpya, na kilo zote zikarudi na nyingine juu yake. Daktari ndo akaniambia kwa hali yangu upasuaji ni jambo la kufikiria, nikapelekwa kwa daktari bingwa, nikapimwa moyo, mapafu, damu, nikamulikwa tumbo kwa kamera, wakasema nafaa, na kwa sababu nina sukari na kiungulia kikali watanifanyia ile ya baipasi, yaani ya kupunguza mfuko wa chakula na kuruka sehemu ya utumbo. Tarehe ipo, zimebaki wiki tatu.

Sasa tangu nipewe hiyo tarehe mimi silali. Nikifumba macho najiona niko mezani na sisikii kitu, halafu naona watoto wangu. Kuna dada mmoja tulifanya naye kazi zamani alifanyiwa upasuaji wa tumbo, sijui hata ulikuwa wa nini, akafariki, na watu wanaojua nataka kufanya wananikumbusha huyo huyo. Nimeshaandika kwenye simu namba za siri za benki na nani akae na watoto, nimemtumia mdogo wangu, akalia sana, akaniambia kama unaogopa hivi kwa nini unafanya.

Mama yangu anasema watu wa zamani hawakukatwa matumbo na waliishi. Mume wangu anasema hana neno ila kila nikianza kuongelea habari hizo anapata sababu ya kutoka nje, siku moja alisema nilikuoa hivi hivi, sijui alimaanisha kunifariji ama kunizuia. Na rafiki yangu mmoja alifanya, amepungua kweli, sukari imeshuka, lakini nywele zilimtoka mpaka akanyoa, ngozi imelegea, na aliniambia neno ambalo halinitoki, kwamba chakula kilikuwa rafiki yake na sasa hana rafiki.

Hapo ndo nikaogopa zaidi maana shangazi kuna kitu sijamwambia mtu. Mimi mchana nakula kawaida, hata kidogo, mtu akiniona mezani atasema huyu anasingiziwa. Usiku watoto wakilala na mume akilala ndo nakaa jikoni peke yangu nakula mpaka tumbo linauma, sio kwa njaa, ni ule muda tu ambao hakuna anayeniita. Nilipofanyiwa mahojiano na mtu wa saikolojia kule hospitali aliniuliza kama huwa nakula nikiwa na mawazo, nikasema hapana. Niliogopa nikisema ndiyo watanifuta kwenye orodha.

Maswali yangu ni haya. Nitakufa? Nikitoka salama nitaishije maisha yangu yote na chakula cha vijiko? Na nikisema naahirisha nitakuwa mwoga?

Mama wa wawili

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na sikucheki.

Naanza na kifo kwa sababu najua hutasikia lingine lolote kabla sijalisema hilo. Upasuaji huu sio mchezo, ni upasuaji mkubwa na kuna watu hufariki, nikikuambia hakuna nitakuwa nakudanganya. Lakini ukubwa wa hiyo hatari haufanani kabisa na hiyo picha unayoiona ukifumba macho. Kwenye hospitali zinazofanya upasuaji huu mara kwa mara, wanaofariki ndani ya siku 30 ni kama mtu 1 kwa kila 1,000, na sehemu nyingi ni pungufu ya hapo, yaani inakaribiana na upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo ambao watu wanafanyiwa kila siku na hakuna anayewaandikia wosia. Kwa mtu mwenye magonjwa kama yako hatari inaweza kupanda kidogo, na ndo maana walikupima moyo na mapafu, wala hawakuwa wanakupotezea muda.

Halafu kuna upande wa pili ambao hofu huwa haiuhesabu. Kubaki hivi ulivyo nako kuna hatari yake. Sweden walianza kuwafuatilia watu mwaka 1987, zaidi ya watu 4,000 wenye uzito mkubwa, karibu nusu walifanyiwa upasuaji na waliobaki wakatibiwa kwa njia za kawaida, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wale waliofanyiwa. Walipokuja kuhesabu tena mwaka 2020 wakakuta waliofanyiwa wameishi kama miaka 3 zaidi ya wenzao. Sio miaka 30, ni 3, na bado hawakufikia umri wa watu wengine wote kwa ujumla, nakuambia hivyo hivyo ilivyo ili ujue unachokwenda kutafuta. Ila sukari, presha na pumzi inayokata usiku ndo vitu ambavyo upasuaji huu unavigusa sana, na wewe unavyo vyote vitatu.

Yule dada mliyefanya naye kazi, Mungu amrehemu, umesema mwenyewe hujui upasuaji wake ulikuwa wa nini. Sasa unabebaje kifo ambacho hukijui sababu unakiweka juu ya tumbo lako? Wanaokukumbusha yeye waombe waache, waambie wazi kwamba hayo hayakusaidii, sio ukorofi huo.

Unachoogopa kuhusu usingizi kiulize kwa mwenye usingizi wake. Omba kuonana na daktari wa nusukaputi kabla ya siku yenyewe, uende na maswali umeandika kwenye karatasi maana ukifika pale yatapotea yote. Muulize atafanya nini kuhusu pumzi yako, mwambie una mashine, na siku ya kulazwa nenda nayo, usiiache nyumbani ukidhani hospitali watakuwa nayo. Daktari bingwa naye muulize bila aibu ameshafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, kwa mwaka hospitali yao inafanya wangapi, na ikitokea shida usiku nani anakuwepo. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa hayo. Akikasirika, hilo nalo ni jibu, tafuta maoni ya mwingine.

Na zile wiki za mwisho usizikae tu ukihesabu. Mara nyingi wanakupa dayati maalumu ya kama wiki mbili kabla, chakula kidogo chenye wanga na mafuta kidogo, na wengi wanaona ni kuteswa bila sababu, kumbe shida ni ini. Ini la mtu mwenye uzito mkubwa huwa limevimba kwa mafuta na limekaa juu ya mfuko wa chakula pale pale daktari anapotakiwa kupitisha vyuma vyake, hiyo dayati inalipunguza, anaona vizuri, upasuaji unakuwa mfupi na salama zaidi. Kwa hiyo hiyo ni sehemu ya usalama ambayo iko mikononi mwako. Ila kwa sababu unameza vidonge vya sukari, uliza kwanza kama dozi ipunguzwe kwenye dayati hiyo, maana kuna dawa ambazo ukila kidogo zinashusha sukari mpaka unadondoka. Kama unavuta sigara acha leo. Na tembea, hata dakika kumi kumi, maana siku hiyo hiyo ya upasuaji watakusimamisha utembee ili damu isigande miguuni, na mwili uliozoea kidogo unakubali haraka.

Hayo ya mezani yameisha. Sasa mwanangu nikuambie kitu, barua yako umeanza na kifo lakini kilichokulemea kiko kule chini ulipoandika kuhusu jikoni usiku. Hapo ndo nataka tukae.

Ulimwambia mtu wa saikolojia hapana kwa sababu ulidhani yupo pale kukufuta. Watu wengi sana wanaokwenda kwenye upasuaji huu wanakula kama unavyokula wewe, kwa siri, usiku, kwa uchungu au kwa uchovu, na hilo peke yake kwa kawaida halimfuti mtu. Linachofanya ni kuwaonyesha wakusaidie wapi. Inawezekana wakasema tusogeze tarehe kidogo tulifanyie kazi hili kwanza, ndiyo, inawezekana. Lakini fikiria wasipojua. Mfuko wa chakula utabaki mdogo kama yai la kuku, mililita 30 hivi, na chakula kitapita kwenda kwenye utumbo mbele kidogo, hayo yote daktari ataweza kuyafanya ndani ya saa mbili tatu. Ule muda wa usiku ambao hakuna anayekuita, huo hatauona kwa kamera na hataukata. Utarudi nyumbani na utaukuta pale pale.

Na hapo ndo neno la rafiki yako lina ukweli ndani yake, sitaki ulidharau. Kuna watu wakishafanyiwa wanalia msiba kabisa, msiba wa chakula, na hakuna anayewapa pole kwa sababu kila mtu anawapongeza. Miezi ya mwanzo hamu ya kula inapungua yenyewe maana homoni za tumbo zinabadilika, mtu anajiona amepona, halafu kwenye mwaka wa kwanza au wa pili njaa inarudi taratibu na ile njaa ya kichwani inarudi nayo. Wengine wanagundua kwamba vitu laini, biskuti iliyolowekwa kwenye chai, aiskrimu, chokoleti, vinateleza bila shida, wanakula kidogo kidogo siku nzima na kilo zinaanza kurudi. Wengine wanahamia kwenye pombe, na baada ya baipasi pombe inaingia kwenye damu haraka na kwa nguvu kuliko zamani, glasi moja inafanya kazi ya kadhaa, kuna watu ambao hawakuwahi kuwa walevi na wakawa walevi baada ya upasuaji. Sikutishi. Nakuambia kwa sababu vyote hivyo vina tiba nzuri kama vikishikwa mapema, na kuvishika mapema kunaanza na wewe kurudi kwa yule mtu wa saikolojia ukamwambia lile nililokujibu halikuwa kweli, nilikuwa naogopa. Maneno hayo tu. Piga simu wiki hii, wiki tatu zinatosha kuanza.

Wakati unasubiri, jaribu kitu kimoja usiku. Usijikataze kula, we kaa jikoni kama kawaida lakini kabla hujafungua chochote andika kwenye simu unajisikiaje, hata neno moja, nimechoka, nina hasira, nimekumbuka fulani. Baada ya siku kadhaa utaona linajirudia neno lile lile, na hilo neno ndo umpelekee mwanasaikolojia. Mimi kwa kusoma barua yako nakisia ni upweke na ukosefu wa muda wako mwenyewe, mama wa wawili, mke, mgonjwa wa kila kliniki, na saa pekee unayokuwa mtu wa kwako ni ile ya usiku. Kama ndivyo basi hiyo saa isiondolewe, ibaki na uitetee mbele ya mume na watoto, ila tutafute cha kuijaza.

Sasa vijiko. Hapana, hutakula vijiko maisha yako yote. Mwanzo ni majimaji tu, wiki moja mbili hivi, halafu vilivyosagwa laini, halafu vyakula laini, na kama mwezi na nusu mpaka miwili hivi unaanza kurudi kwenye chakula cha kawaida, kila hospitali na ratiba yake fuata ya kwako. Kiasi ndo kitabaki kidogo. Mwaka ukipita wengi wanakula sahani ndogo, kama ya mtoto mkubwa, wanakaa mezani na wenzao vizuri tu.

Ila hizo wiki za mwanzo nikueleze zilivyo maana watu hawasemi. Kunywa maji itakuwa kazi. Unashika kikombe kidogo unanywa funda moja, unasubiri, unanywa lingine, ukigida kama zamani kifua kinabana na maji yanarudi. Unatakiwa ufike kama lita moja na nusu kwa siku, kwa hiyo chupa unatembea nayo tangu asubuhi. Maji na chakula havikai pamoja, unakula, unasubiri kama nusu saa ndo unakunywa. Chakula unaanza na protini, yai, samaki, kuku, maharage yaliyopondwa, maziwa mgando, lengo la wengi ni gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku. Unatafuna mpaka kinakuwa uji mdomoni ndo unameza, unaweka kijiko chini, unasubiri. Ukimeza tonge kubwa litakwama, utalisikia hapa chini ya mfupa wa kifua linasukuma, mate yanajaa mdomoni yanakuwa povu, utakimbilia chooni. Karibu kila aliyefanyiwa limemtokea hilo mara moja na likamfundisha kutafuna kuliko daktari alivyomfundisha.

Sukari nyingi nayo, soda, juisi, keki, kwa mtu wa baipasi inaweza kushuka moja kwa moja kwenye utumbo na ndani ya nusu saa moyo unakimbia, jasho linatoka, unatetemeka, tumbo linasokota unaharisha, unatafuta pa kulala. Inapita yenyewe lakini sio kitu utataka kurudia, na kuna watu wanasema hiyo ndo iliyowasaidia kuacha vitu vitamu.

Vitamini ni za maisha, hapa sina lugha ya upole. Sio za miezi sita, sio mpaka ujisikie vizuri. Baipasi inaruka sehemu ya utumbo ambayo ndo inanyonya vitu hivyo, kwa hiyo multivitamini, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D utatumia kila siku au kama utakavyopangiwa, na damu utapima kila mwaka hata ukiwa mzima kabisa. Wanaoziacha hawaumwi kesho, wanaumwa baada ya miaka, damu inapungua, miguu inakufa ganzi, mifupa inalegea, na hapo hakuna anayekumbuka upasuaji. Kama unajua hutaweza hili, au hutakuwa na uwezo wa kuzinunua miaka yote, liseme kwa daktari kabla ya tarehe sio baada.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, hizo ambazo nadhani unazimeza sana kwa ajili ya magoti, baada ya baipasi achana nazo, zinachimba vidonda pale palipounganishwa. Uliza utumie nini badala yake. Na dawa zako za sukari na presha zitahitaji kupunguzwa haraka, wakati mwingine siku chache tu baada ya upasuaji kabla hata kilo hazijashuka, usipunguze mwenyewe na usiendelee na dozi ya zamani kwa mazoea, pima na uwape namba zako. Kwa miaka minne na vidonge tu bila sindano una nafasi nzuri ya sukari kushuka sana, wengine wanaacha dawa kabisa, lakini inaweza kurudi kwa hiyo kupima hakuachwi.

Nywele, ndiyo, zinaweza kutoka, kwa kawaida kuanzia mwezi wa tatu, ni mwili umeshtuka na kupungua haraka na protini ndogo, kwa wengi zinaota tena ndani ya mwaka. Ngozi italegea na hiyo hairudi yote, wengine wanaifanyia upasuaji mwingine baadaye uzito ukishatulia. Mimi nakuomba tu usiichukie mapema. Mawe kwenye nyongo yanatokea sana kwa wanaopungua haraka, uliza kama utapewa dawa ya kuyazuia miezi ya mwanzo. Na una miaka 38, kwa hiyo nalisema hili hata kama hukuuliza, uzazi huwa unaamka baada ya kupungua, na mimba ndani ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu haishauriwi, na vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi haviaminiki sana, zungumza nao njia nyingine kabla hujalazwa.

Mume wako. Nilikuoa hivi hivi, mimi nasikia mtu anayeogopa, pengine anaogopa ufe, pengine anaogopa utabadilika umwache, wanaume wengi hilo la pili hawalisemi. Wewe umebaki unajiuliza kama anakuzuia au anakufariji bila kumuuliza. Mwambie aje nawe siku moja kliniki, sio kumbembeleza akubali, aje asikie kwa daktari kwa masikio yake, kwa sababu wiki zile za mwanzo atakuwa yeye anayeshika nyumba na hatakiwi kushtuka akikuona unakunywa maji kwa funda. Na muulize siku moja mkiwa wawili, hiyo kauli ulimaanisha nini. Halafu nyamaza asogee mwenyewe.

Mama yako usibishane naye. Mwambie mama naomba uniombee, inatosha, akikuona umetoka hospitali unatembea atatulia. Na mdogo wako aliyelia, huyo ndo nimempenda, umemtumia namba za benki na watoto, ukamwachia hofu yote bila kazi yoyote. Mpe kazi. Akae na karatasi ya dalili za hatari ukitoka hospitali, maana wewe utakuwa umechoka na utasema ni kawaida tu. Mapigo ya moyo yakikimbia na hayatulii, hasa yakipita 120 ukiwa umekaa, homa, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, maumivu mapya ya bega, kubanwa pumzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika kusikokoma mpaka maji hayakai, kinyesi cheusi kama lami au kutapika damu. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, hakuna kusubiri kukuche wala kusema nitawasumbua madaktari. Sehemu iliyounganishwa ikivuja au damu ikiganda, anayewahi ndo anayepona. Na hata baadaye sana, kutapika kwa siku nyingi usikuzoee, unaishiwa vitamini B1 na inaharibu neva.

Swali lako la mwisho, ukiahirisha utakuwa mwoga? Hapana. Hii sio safari ambayo tiketi inaungua. Ila tazama unaahirisha kwa nini. Kama umerudi kwa mwanasaikolojia ukamwambia ukweli mkakubaliana miezi michache ya kufanyia kazi zile saa za usiku, au daktari wa nusukaputi kaona pumzi yako haijakaa sawa, hiyo ni sababu nzuri na upasuaji utaukuta. Kama unaahirisha kwa ajili ya kifo cha yule dada au kwa ajili ya maneno ya watu, basi jua hofu hiyo hiyo itakusubiri kwenye tarehe mpya, na sukari haitakuwa imesimama kukungoja.

Na kuna njia ya tatu nayo uiulize, siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito kama semaglutide, kwa watu wengine zinafanya kazi vizuri, kwa kawaida kilo zinazoshuka ni chache kuliko za baipasi na wengi wakiacha kuchoma uzito unarudi, lakini una haki ya kusikia kwa daktari kwa nini kwako amependekeza kisu na sio sindano. Akikueleza ukaelewa, hata ukilala mezani utalala ukijua umechagua mwenyewe.

Kwa hiyo wiki hii ni simu mbili, ya mwanasaikolojia na ya daktari wa nusukaputi. Tarehe usiifute kabla hujawasikia wote wawili. Ukishaongea nao niandikie walichosema, hasa yule wa kwanza.